Kloroplasti imetoka vipande vitatu, mitokondria imetoka kama utando wa buibui: DNA yangu ni chafu kweli?

Pipeti_Ndogo

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kabla ya Jumatatu, siku ninayokutana na msimamizi wangu.

Niko shahada ya pili. Kazi yangu ni kuunga jenomu (DNA nzima) ya kloroplasti na ya mitokondria za mharage wa kawaida, Phaseolus vulgaris. Nilichuma majani machanga, nikatoa DNA yote kwa pamoja bila kutenga chochote, ikapelekwa kusomwa. Vilivyorudi ni vipande vya herufi 150 kila kimoja, mamilioni kwa mamilioni. Nikavipitisha GetOrganelle, programu ya kuviunga, nikafungua matokeo kwenye Bandage, programu ya kuchora vilivyoungwa, nikitegemea kuona duara. Kila makala niliyosoma ina duara lililopakwa rangi, jeni zimejipanga pembezoni kama meno ya msumeno.

Mimi nimepata hivi upande wa kloroplasti:

Kipande A, jozi 79,800 za herufi za DNA, kimesomwa wastani wa mara 812.
Kipande B, jozi 26,400, mara 1,640.
Kipande C, jozi 17,600, mara 805.

Jumla 123,800. Jenomu ya kloroplasti ya mharage iliyokwisha kuchapishwa ina kama jozi 150,000. Kwa hiyo zaidi ya 26,000 zimepotelea kusikojulikana, na hapohapo kipande kimoja kimesomwa mara mbili ya wenzake. Msimamizi alitupa jicho moja tu akasema, "Hii DNA ni chafu, rudia."

Mitokondria ndiyo sitaki hata kuielezea. Kontigi, yaani vipande virefu vilivyoungwa na programu, zaidi ya 30 zimeshikana kama nyavu. Kuna kimoja cha jozi 1,400 ambacho njia mbili zinaingia na mbili zinatoka. Chenyewe kimesomwa mara 190, majirani zake wote wanne mara tisini na kitu. Kingine cha jozi 212 kina tabia hiyohiyo.

Kurudia maana yake ni kuotesha upya na kuingia tena kwenye foleni ya mashine. Nirudie?

Kodi_Usiku

Dada, usirudie kitu. Jumlisha tena, ila B ihesabu mara mbili.

Pipeti_Ndogo

79,800 + 17,600 + 26,400 + 26,400 = 150,200.

Nimebaki mdomo wazi. Kumbe hakuna kilichopotea?

FundiJenomu

Hakuna kilichopotea, na DNA yako ni safi. Kaa chini nikueleze, maana mimi mwenyewe niliwahi kutupa miezi miwili nikisafisha DNA isiyokuwa na uchafu.

Kloroplasti za mimea mingi zina sehemu moja ndefu iliyoandikwa mara mbili. Nakala moja inasomeka kwenda mbele, ya pili imepinduliwa. Ninaposema imepinduliwa simaanishi herufi zilezile zimeanzia mwishoni. Maana yake ni kwamba utaikuta kwenye uzi wa pili. Chukua GATTACC. Weka wenza wake, A kwa T na G kwa C, halafu anzia nyuma: GGTAATC. Kwa kompyuta inayounga vipande, hayo mawili ni kitu kimoja, kwa sababu haijui kipande ulichoipa kilitoka uzi upi. Kwa hiyo vipande vya nakala zote mbili vimerundikwa mahali pamoja, ndiyo maana B imesomwa mara 1,640. Mbili za 820. Angalia A na C zako, kisha uniambie kama hiyo ni bahati nasibu.

Kwenye mharage kila nakala ina jozi 26,000 na ushee. Ndani yake zimo jeni za RNA ya ribosomu pamoja na nyingine kadhaa. Katikati ya nakala hizo mbili, upande mmoja kuna eneo kubwa lisilojirudia, ndiyo A yako, na upande wa pili eneo dogo, ndiyo C. Ulichochora Bandage kina sura ya chuma cha mnyanyua vizito, vitufe viwili na mpini katikati, sivyo? Hiyo ndiyo sura ya kloroplasti nzima iliyokamilika. Ukipata sura hiyo, shukuru.

Kwa nini kompyuta isimalizie yenyewe? Fikiria mtu amekata wimbo vipande vya maneno matano matano akakuambia uupange. Beti utazipanga. Ukifika kwenye kibwagizo umekwama, kwa sababu kibwagizo ni kilekile baada ya kila ubeti, na kipande chako cha maneno matano hakifiki kotekote kikakuambia umetoka ubeti upi na unaingia upi. Kibwagizo chako kina herufi 26,400. Wewe unasoma 150.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulisahau hata baada ya kulisoma. Nakala hizo mbili hubadilishana. Zikilala sambamba na kukatana, eneo lililo kati yake linageuka, C inatazama upande wa pili. Jeffrey Palmer alionyesha mwaka 1983 kwamba ndani ya mmea mmoja zimo aina zote mbili za DNA ya kloroplasti, kwa kiasi sawa, zikitofautiana tu na mwelekeo wa maeneo yasiyojirudia. Na unajua mmea alioutumia? Mharage wa kawaida. Huyohuyo wako.

Kwa hiyo ukiulizwa "C inaelekea wapi?" jibu sahihi ni "kote kuwili". Unachagua mwelekeo mmoja kwa ajili ya kuhifadhi faili, basi. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu zimeshachapishwa makala zilizotangaza kwamba eneo dogo "limepinduka" kati ya spishi fulani na nyingine, wakati tofauti ilikuwa ni mkono wa aliyehifadhi faili.

Nyongeza ndogo. Ungekuwa umechagua njegere au dengu, usingekutana na B kabisa. Kuna tawi la jamii ya mikunde lililopoteza nakala moja zamani sana, na njegere, dengu na alfalfa wamo. Mharage, kunde na soya wamebaki nazo zote mbili.

Mitokondria nitarudi usiku. Hiyo haielezeki kwa mguu mmoja mlangoni.

Ngazi3

Mkuu kaeleza vizuri. Mimi ningeongeza tu: endesha programu ya MISA upate mikrosatelaiti (herufi chache zinazojirudia mfululizo), endesha ya REPuter upate marudio marefu, weka jedwali na mchoro wa nguzo. Sura ya tatu imekwisha.

FundiJenomu

Ngazi3, jedwali hilo nimeliona mara nyingi hadi naweza kulijaza nimefumba macho: marudio mengi ni mistari ya A au ya T mfululizo, mengi yako nje ya jeni. Ndivyo ilivyo kloroplasti karibu zote, jenomu yenyewe imejaa A na T. Jedwali si kosa, lakini swali lake ni lipi? Kama anataka kufuatilia ukoo wa mama kati ya aina za mharage, sawa, mistari ya A kumi au kumi na moja inafaa, kwa sababu kimeng'enya kinachonakili DNA huteleza hapo na idadi hubadilika kati ya koo. Lakini hata mashine ya kusoma huteleza hapohapo. Bila kurudia kipimo hujui aliyeteleza ni mmea au ni mashine.

Haya, dada, mitokondria.

Futa kwanza picha ya duara kichwani. Mitokondria ya binadamu ina jozi 16,569, duara dogo lililobanwa, halina nafasi ya mzaha. Ya mahindi ya kawaida ina 569,630. Ya mpunga inakaribia 490,000. Ya tango ina zaidi ya milioni moja na laki sita, imegawanyika kwenye kromosomu tatu, kubwa moja na vidogo viwili. Idadi ya jeni haijaongezeka kwa kiwango hicho hata kidogo. Kilichojaa humo ni nafasi kati ya jeni, vitu vilivyookotwa kwingine, na marudio.

Na marudio ya mitokondria ya mimea hayakai kimya. Yale marefu, ya jozi elfu moja na kuendelea, hubadilishana mara kwa mara kiasi kwamba mipangilio yote huishi pamoja ndani ya mmea mmoja. Kama nakala mbili zinatazama upande mmoja, duara hupasuka likawa mawili madogo. Kama moja imepinduliwa, sehemu ya kati hugeuka, kama ile C yako. Mfano ninaoupenda ni wa Brassica, uliochapishwa mwaka 1984: molekuli moja ya jozi 218,000 yenye marudio mawili ya kama 2,000, na pembeni yake molekuli mbili ndogo, moja ya 135,000 na nyingine ya 83,000. Jumlisha mwenyewe.

Kipande chako cha 1,400 ni njia panda ya namna hiyo. Njia zote nne huenda zipo kweli. Hujakosea, umeuona mmea kama ulivyo.

Hata neno "duara kuu" ulitumie kwa tahadhari. Ni namna nzuri ya kuandika kila kitu kwenye ukurasa mmoja. Ukiitazama DNA hiyo kwa hadubini, kinachoonekana zaidi ni nyuzi ndefu na maumbo yenye matawi.

Pipeti_Ndogo

Shikamoo Fundi. Sasa nimeelewa kwa nini usiku wote huu napindua michoro bila kufika. Lakini "huenda zipo kweli" haitamtosha msimamizi wangu. Nithibitisheje?

FundiJenomu

Marahaba. Majirani wanne wa kile kipande waite P, Q, R, S. Tuseme upande wa kushoto wanaingia P na R, upande wa kulia wanatoka Q na S. Tengeneza praima nne (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili), moja ndani ya kila jirani, zote zikitazama kipande. Kisha endesha PCR nne, yaani kunakili kwa wingi sehemu iliyo kati ya praima mbili: P na Q, R na S, P na S, R na Q. Jozi 1,400 pamoja na pembezoni zake hazizidi uwezo wa PCR ya kawaida. Mikanda ikitokea kwenye jeli yote minne, kila kimoja kwa urefu uliokadiria, una mipangilio yote.

Halafu usiiamini sana. PCR nayo inaruka. Kimeng'enya kikiishia katikati ya marudio bila kumaliza, uzi ule wa nusu, kwenye mzunguko unaofuata, unaweza kujibandika kwenye nakala ya pili na kuendelea na jirani asiye wake. Utapata mkanda wa mpangilio ambao haupo kwenye mmea. Punguza mizunguko, ongeza muda wa kurefusha, na usipime wingi kwa kuangalia unene wa mkanda.

Ushahidi bora ni usomaji mrefu. Kipande kimoja cha Nanopore, mashine ya kusoma vipande virefu, cha jozi 8,000 kinapita P, kinapita marudio yote, kinatokea Q au S. Hapo hakuna kubahatisha, unahesabu tu. Weka sharti: kihesabiwe kile tu kilichoshika angalau jozi 200 za jirani kila upande.

Kodi_Usiku

Naongeza mtego mmoja ulionigharimu. Usitupe tu kila kinachofanana na kloroplasti kabla ya kuunga mitokondria. Mitokondria za mimea huokota DNA ya kloroplasti na kuihifadhi. Kwenye mahindi kipande cha jozi 12,000 kilichotoka kwenye marudio yaliyopinduliwa ya kloroplasti kiligunduliwa ndani ya mitokondria tangu 1982. Ukichuja kwa kufanana, unatoboa mashimo kwenye mitokondria yako. Usipochuja, kloroplasti inayosomwa mara 800 inafunika mitokondria inayosomwa mara 95, na programu inakuunganishia hiki na kile.

Mimi hupima kwa kina cha usomaji, yaani kipande kimesomwa mara ngapi. Kontigi yenye herufi za kloroplasti lakini inayosomwa mara tisini na kitu, na iliyoshikana na jeni za mitokondria kama cox1 au atp6, hiyo ni ya mitokondria. Na ukiona herufi zinatofautiana hapo, herufi moja kwa asilimia 90 na nyingine kwa 10, usikimbilie kuandika kwamba mmea una kloroplasti za aina mbili. Ni nakala iliyohamia mitokondria, imezeeka huko kivyake.

Mbelewele

Mimi si mtu wa kompyuta, ni mzalishaji wa mbegu chotara, nimepita tu nikaona neno mitokondria. Nataka kusema kwa nini haya marudio yanatunyima usingizi sisi pia.

Kuzalisha mahindi chotara kunataka mmea wa mama usijichavushe. Ama unapita mstari kwa mstari ukikata mbelewele, ama unatumia ukoo ambao mbelewele zake hazitoi chavua. Utasa huo wa chavua hurithiwa kwa mama, na chanzo chake kimo kwenye mitokondria. Ule maarufu kwenye mahindi unaitwa T. Umetokana na jeni iitwayo T-urf13, ambayo si jeni ya asili ya mahindi hata kidogo. Ni viraka vilivyoshonwa pamoja na rekombinesheni, yaani kule kukatana na kubadilishana kwa DNA, sehemu kubwa ikitoka kwenye jeni ya RNA ya ribosomu na kandokando yake. Viraka vikajikuta vinasomeka kama protini moja, na protini hiyo inakaa kwenye utando wa mitokondria.

Kufikia 1970 karibu asilimia 85 ya mahindi ya Marekani yalikuwa na sitoplazimu hiyo moja, yaani sehemu ya seli nje ya kiini, zilimo mitokondria. Likaja kuvu la bakajani, Bipolaris maydis aina T, lenye sumu inayoshikana na protini ileile na kutoboa utando wa mitokondria. Kiasi cha asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima kilikwenda mwaka huo.

Sasa sehemu inayohusu mada hii. Watu walipokuza seli za mahindi ya T maabara, baadhi ya mimea iliyoota ilirudi kutoa chavua, na ikawa haidhuriki tena na ile sumu. Ilipochunguzwa, T-urf13 haikuwepo. Marudio mafupi ya jozi 127 tu yalikuwa yamebadilishana, jeni ikakatwa ikatupwa nje. Jozi 127! Ndiyo maana mimi hicho kipande chako cha 212 nakitazama kwa jicho jingine kabisa.

Na mharage wako, mwanangu, una kisa chake. Upo utasa wa chavua kwenye mharage, na kuna jeni ya kwenye kiini cha seli iitwayo Fr ambayo ikiingizwa kwenye ukoo huo, ile sehemu ya mitokondria yenye hitilafu hutoweka na chavua hurudi. Sehemu hiyo hufichwa kwa kupungua, nakala zake zinabaki chache mno kuonekana.

FundiJenomu

Mbelewele amenitoa maneno mdomoni. Marudio ya kati, kuanzia kama jozi 50 hadi mia kadhaa, ndiyo yenye hatari, kwa sababu kwa kawaida yamezuiwa. Kuna jeni ya kwenye kiini, MSH1, ambayo kazi yake moja ni kuzuia marudio ya ukubwa huo yasibadilishane ovyo. Ikiharibika, mitokondria inajipanga upya ndani ya vizazi vichache na majani yanatoka na mabaka meupe. Kwenye mmea mzima wenye afya, basi, utegemee kwamba 1,400 itakupa njia nne kwa wingi unaokaribiana, na 212 itakupa njia mbili tu. Ukiona tofauti na hapo, njoo.

Pipeti_Ndogo

Nimerudi, wakuu. Samahani kwa ukimya wa wiki tano. Msimamizi alikubali usomaji mrefu baada ya kumwonyesha hesabu ya 150,200. Alikaa kimya kidogo, akachukua kalamu akajumlisha mwenyewe.

Kloroplasti: vipande 14 vilivyopita marudio yote ya 26,400 toka mwisho hadi mwisho. Saba vina C upande huu, saba upande ule. Nilivihesabu mara tatu kwa sababu nilidhani najidanganya.

Mitokondria, kipande cha 1,400: P–Q 31, R–S 28, P–S 26, R–Q 33.

Kipande cha 212, majirani zake nao nimewapa herufi hizohizo: P–Q 57, R–S 61, P–S 1, R–Q 0.

Hicho kimoja ndicho kinanisumbua. Kina urefu wa jozi 9,300, kimeshika majirani vizuri pande zote mbili. Kodi_Usiku ameniambia pembeni nikifute, kwamba ni vipande viwili vilivyogundishwa kwa bahati mbaya wakati wa kuandaa DNA.

FundiJenomu

Kugundishwa kwa bahati mbaya hakuchagui mahali. Ungeukuta mshono popote, katikati ya jeni, katikati ya P. Huu umepita palepale kwenye marudio, herufi zote 212 zimekaa sawa. Mimi sikifuti.

Wala sikipi jina. Kimoja kati ya 119 hakitoshi, na PCR hapo ndipo itakapokudanganya zaidi. Chukua mmea wa pili wa mbegu zilezile, usiwe huu, usome mrefu tena. Kikitokea tena, hata kimoja, tutazungumza lugha nyingine.

Kwenye jedwali andika 1.

Pipeti_Ndogo

Nimeandika 1. Mbegu niliziloweka Jumapili, leo asubuhi majani mawili ya kwanza yamefunguka.